Dola 685 za kupima maji kabla mtambo wa gesi haujafika

Barua ilikuja kwa rejista Agosti 2021, nikaisaini mlangoni nikiwa bado nimevaa reflekta ya kazini. Kampuni ya gesi ilikuwa inanijulisha kwamba imeomba kibali cha kuchimba visima sita kwenye shamba lililo nyuma ya kilima chetu, na kwamba kisima changu cha maji kiko ndani ya futi 3,000 kutoka hapo watakaposhusha bomba. Hiyo ni kama mita 900. Sheria Namba 13 ya Pennsylvania, ya mwaka 2012, inawalazimu kuwaarifu wenye maji walio ndani ya umbali huo. Mwishoni palikuwa na aya fupi: kampuni itatuma watu waje kupima maji yangu bure.

Nilikubali watu wao waje. Kisha nikatoa dola 685 zangu mwenyewe, nikaita maabara nyingine ije kupima maji yaleyale. Mke wangu aliniuliza kwa nini tulipie kitu tunachopewa bure, na mwezi ule hatukuwa na hela ya kuchezea. Leo maji yetu yameshapimwa mara tatu, na nimeyaona yaliyompata jirani yetu, kwa hiyo naweza kumjibu vizuri. Nawajibu pia ndugu wote walionunua nyumba nje ya mji huku Pennsylvania, Ohio au West Virginia, ambao maji yao yanatoka kisimani.

Mimi ni dereva wa basi la shule kaunti ya Washington, kusini-magharibi mwa Pittsburgh. Sikusomea miamba. Lakini nimezaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na mtu wa Newala hafundishwi thamani ya maji. Kwetu watu wako juu na maji yako bondeni. Mama alikuwa anatoka alfajiri anateremka, anapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali, na ndoo hiyo ndiyo ya kupikia, kunywa na kunawa watu saba. Wakati wa mvua tulikinga maji ya bati kwenye tangi la saruji pembeni mwa nyumba, na kila Jumapili baba alishusha kijiti chenye alama kuona yamebaki kiasi gani. Siku ya kwanza nilipofungua bomba la jikoni kwenye nyumba hii, maji baridi yakatoka ardhini bila bili ya mwezi, nilisimama pale nikiyaangalia. Sikuwa tayari kuyaachia bahati nasibu.

Wengi wetu tunadhani Marekani kila maji yana mkaguzi. Ya kisima cha mtu binafsi hayana. Sheria ya taifa ya maji salama ya kunywa inahusu mifumo ya maji ya umma, na huku Pennsylvania, ambako visima vya watu binafsi vinafikia milioni moja, kupima ni juu yako mwenye nyumba. Tena tangu 2005 Bunge la Marekani limeitoa kazi ya kupasua miamba kwa maji yanayosukumwa kwa nguvu ili gesi itoke (fracking) nje ya sehemu ya sheria hiyohiyo inayosimamia vitu vinavyosukumwa chini ya ardhi, isipokuwa pale dizeli inapotumika. Kwa hiyo anayelinda kisima chako kwanza ni wewe, na silaha yako ni karatasi ya maabara yenye tarehe ya kabla ya kuchimba.

Karatasi hiyo ina nguvu kwa sababu ya kifungu kimoja ndani ya ile Sheria Namba 13. Kisima chako kikiwa ndani ya futi 2,500 kutoka kisima cha gesi, na maji yakaharibika ndani ya miezi 12 tangu kazi ya kuchimba au kupasua imalizike, sheria inaanza kwa kudhani kwamba kampuni ndiyo iliyoharibu. Mzigo wa kujitetea ni wao. Wanaweza kujitetea kwa kutoa vipimo vya mwanzo vinavyoonyesha kwamba maji yalikuwa mabovu tangu zamani. Na vipimo vya mwanzo vikiwa vyao peke yao, wewe huna cha kuweka mezani.

Maabara niliyoiita sitaitaja jina, maana kila kaunti ina zake na yangu huenda haifiki kwako. Unatafuta maabara yenye ithibati ya idara ya mazingira ya jimbo, na inayotuma mtu wake mwenyewe kuchota. Hilo la pili ni muhimu kama la kwanza. Maji uliyochota wewe kwa mkono wako, ukayapeleka kwenye buti ya gari, wakili wa upande wa pili atayakataa kabla hajasoma hata namba moja.

Aliyekuja alikuwa dada wa makamo, saa moja na nusu asubuhi, buti za mpira miguuni, deli la bluu mkono huu na ndoo nyeupe mkono huu. Hakuingia ndani. Aliomba kwanza aone kichwa cha kisima, akakipiga picha pande zote, akaandika vipimo vya satelaiti vya mahali kilipo. Ndipo akashuka chini ya nyumba na kuuliza mashine ya kulainisha maji iko wapi, kwa sababu anataka maji yaliyotoka ardhini kabla hayajapita kwenye kitu chochote. Akapata koki ndogo karibu na tangi la presha, akaifungua, akaacha maji yaende dakika 20. Muda wote huo alikuwa na kipimo mkononi anasoma joto, uchachu na wepesi wa maji kupitisha umeme, anaandika kila baada ya dakika chache, mpaka namba zikaacha kuyumba. Hapo akajua anapata maji ya mwamba na si yale yaliyolala kwenye bomba usiku kucha.

Kisha ikaja sehemu ambayo naikumbuka mpaka leo. Alivaa glavu mpya. Akaunganisha mpira mwembamba kwenye koki, akaushusha mpaka kitako cha ndoo, maji yakajaa, yakaanza kufurika. Akachukua chupa ndogo ya kioo, akaizamisha yote, akaigeuza mdomo chini humohumo majini, akaingiza mpira ndani yake, maji yakapita yakapita, na kifuniko akakifunga chini ya maji bila chupa kuonja hewa. Alipoitoa akaipindua mbele ya tochi ya simu yangu. Hakuna kiputo hata kimoja. Akaniambia gesi iliyoyeyuka kwenye maji ni kama ya soda, ukifungua ovyo inakimbia, na chupa yenye kiputo inadanganya. Chupa ya pili ilikuwa na kiputo kidogo kama kichwa cha pini. Aliimwaga, akaanza upya, na hakukuwa na mtu wa kumsimamia zaidi yangu mimi nisiyejua lolote.

Chupa zilikuwa 14 kwa jumla, nyingine zikiwa na tone la asidi ndani tayari, nyingine za plastiki, moja imefungwa kwa utepe maalumu kwa ajili ya bakteria. Kila moja iliandikwa saa na dakika. Zikaingia kwenye deli lenye barafu pamoja na karatasi ya makabidhiano: nilisaini mimi kwamba nimeshuhudia, akasaini yeye kwamba amepokea, na maabara walisaini saa zilipofika. Nakala ninayo. Hakuna dakika ambayo chupa hizo hazikuwa mikononi mwa mtu mwenye jina.

Watu wa kampuni walikuja wiki mbili baadaye, vijana wawili wenye adabu. Walitaka kuchota jikoni, kwenye maji yaliyokwishapita kwenye mashine ya kulainisha, mpaka nilipowaambia washuke chini. Walikubali bila ubishi na wakachota vizuri. Walimaliza dakika 25. Ripoti yao niliipata baada ya miezi miwili, nilipopiga simu, na orodha yake ilikuwa fupi: haikuwa na ethani wala bromaidi. Siwasemi kwa ubaya. Lakini methani, yaani gesi yenyewe wanayoichimba, walipata miligramu 2.9 kwa lita na maabara yangu ilipata 3.1, yaani namba moja kwa mikono miwili tofauti. Hilo ndilo nililolipia. Tangu siku ile hakuna upande unaoweza kuamka na kusema maji yangu yalikuwa na gesi nyingi tangu zamani.

Ndiyo, methani ilikuwepo kabla hawajachimba futi moja. Nilishtuka nilipoona, na ni vizuri ujiandae. Nchi hii ina makaa ya mawe na gesi ya juujuu ambayo hupenya kwenye maji yenyewe, na kuna familia zilizowahi kuwasha moto kwenye mdomo wa bomba miaka mingi kabla ya kelele hizi. Methani majini haina kiwango rasmi cha afya cha taifa, maana hatari yake si kuinywa. Hatari ni inapotoka na kujikusanya mahali palipofungwa, kama chini ya nyumba au kwenye kibanda cha pampu: ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Kwa hiyo wataalamu huanza kukuonya kuanzia miligramu 10 kwa lita, na 28 ni ya kuchukua hatua siku hiyohiyo. Mimi na 3.1 yangu niliambiwa niweke kifuniko cha kisima chenye tundu la kupumulia, basi.

Ethani niliyoitaja ina sababu yake. Gesi inayotengenezwa na vijidudu juujuu huwa ni methani karibu tupu. Ile iliyoiva chini kabisa kwa joto huja na ethani na ndugu zake. Ukiwa na namba zote mbili za kabla na za baada, unaweza kuanza kuuliza gesi iliyoongezeka imetoka wapi. Bariamu, strontiamu, kloraidi na bromaidi nazo ni alama za vidole: maji yanayorudi juu kutoka mwamba wa Marcellus, ule wanaoupasua huku kutoa gesi, yana chumvi inayozidi ya bahari mara kadhaa, na hayo madini yamejaa humo. Ukiona kloraidi yako imetoka 22, kama yangu, ikaruka mpaka mamia, usilale. Kwa hiyo maabara ikikupa kifurushi cha bei nafuu cha bakteria na ugumu wa maji tu, kinakufaa kwa mambo ya jikoni. Kwa jambo hili hakikufai.

Ripoti ilikuwa na jibu jingine ambalo sikulitarajia kabisa: bakteria wa kolifomu, wale wanaoashiria kwamba uchafu umeingia majini, wapo. Miaka miwili tulikuwa tunayanywa. Kifuniko cha kisima kilikuwa na ufa na wadudu walikuwa wamejenga ndani. Nilinunua kifuniko kipya kinachoziba, nikatia klorini kisimani, nikayaendesha maji mpaka harufu ikaisha, kisha nikatuma chupa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Penn State, ambayo hupokea sampuli za visima vya watu binafsi kwa bei nafuu. Safari hii yalikuwa safi. Hata kama mtambo wa gesi usingekuja kabisa, hela ile isingepotea.

Sasa malalamiko yangu juu ya maabara hiyohiyo ninayoisifu. Kwenye simu niliambiwa 625. Zile 60 za safari nilikutana nazo kwenye ankara. Waliahidi wiki tatu, zikawa tano. Na ripoti ilikuwa kurasa tisa za namba na vifupisho, bila sentensi moja ya kumwambia mtu wa kawaida kipi ni kizuri na kipi si kizuri. Nilipiga simu mara tatu kabla hajapatikana mtu wa kukaa na mimi dakika kumi akanisomea. Huduma ya bei hii ije na ukurasa mmoja wa maelezo. Mzee ambaye macho yamechoka, au mama aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na Kiingereza bado kinampiga chenga, ataiweka droo na hatajua kwamba anakunywa kolifomu.

Mtambo wa kuchimba ulifika Februari 2022. Usiku kilima chetu kilikuwa kinawaka taa kama uwanja wa mpira. Waliteremka karibu kilomita mbili, wakapinda, wakaenda ubavuni chini ya mashamba ya watu, kisha Aprili wakaanza kupasua: maji, mchanga na kemikali vinasukumwa kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unafanya nyufa nyembamba, na mchanga unabaki ndani ya nyufa kuzizuia zisifunge, gesi ipite. Niliyaona maji na mchanga huo vikipita mbele ya basi langu, lori baada ya lori, kwenye barabara ambayo magari mawili makubwa hayapishani bila mmoja kuingia majanini. Kuna asubuhi nilisimama na watoto 31 ndani, nikasubiri malori manane yapite. Mkuu wa usafiri akatubadilishia saa, tukaanza kutoka dakika 20 mapema, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wananisubiri gizani.

Watu wa nyumbani wananiuliza, mbona Mtwara gesi inatoka na hatujasikia kupasua? Kwa sababu gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo imekaa kwenye mchanga wenye vinyweleo, ukifikia tu inatoka yenyewe. Marcellus ni mwamba wa matope yaliyogandamana. Gesi imebanwa ndani yake na haisogei bila kuvunjiwa njia. Kisima cha kwanza cha aina hii kwenye Marcellus kilipasuliwa kaunti hiihii ya Washington mwaka 2004, na leo Pennsylvania ni ya pili kwa gesi Marekani nzima, nyuma ya Texas. Tofauti nyingine ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kwetu gesi ni ya taifa, na ugomvi wa Mtwara wa 2013 ulikuwa juu ya bomba kwenda Dar es Salaam na nani atafaidi. Huku gesi ni ya aliyeshika haki ya madini, na hati ya nyumba yangu inaonyesha haki hizo ziliuzwa kabla sijazaliwa. Jirani mwenye shamba anapata mrabaha, ambao sheria ya jimbo inasema usipungue sehemu moja kwa nane. Amejenga banda jipya la ng'ombe na amemlipia mjukuu chuo. Mimi napata taa na malori. Sina kinyongo naye. Alikuwa karibu kuuza ng'ombe wote.

Nilirudia kupima Agosti 2022, kisha Mei 2023. Hiyo ya tatu niliipanga makusudi ndani ya ile miezi 12, kabla dirisha la sheria halijafungwa. Methani 3.4, kisha 3.2. Kloraidi haikusogea. Maji yangu hayakuguswa, na nasema hivyo bila kuficha, ingawa ningependa malori yale yasirudi tena.

Bibi anayekaa upande wa pili wa barabara, mjane anayekaribia miaka 80, hakuwa na bahati hiyo. Julai 2022 bomba lake lilianza kukohoa: linatema hewa, linanyamaza, linatema tena, na glasi ya maji ikitoka ni nyeupe kama imetiwa maziwa, kisha ukungu unapanda polepole kutoka chini kwenda juu na kuacha vumbi la kijivu kitakoni. Nimeishika glasi hiyo kwa mkono wangu. Aliita fundi, pampu ilikuwa nzima. Alipopimiwa, methani ilikuwa 19.

Nyumba yake iko ndani ya futi 2,500. Miezi 12 ilikuwa haijaisha. Nikamwambia, bibi, sheria iko upande wako. Ndipo aliponiambia kwamba mwaka uliotangulia watu wa kupima walipokuja aliwafukuza. Alikuwa anaichukia kazi yenyewe, na hakutaka kiatu cha kampuni kikanyage shamba la marehemu mumewe. Kampuni ilimjibu kwa barua ya ukurasa mmoja: ulikataa upimaji. Na wakili aliyemwendea akamsomea kifungu: mwenye nyumba akiwakatalia kupima kabla ya kuchimba, huo peke yake ni utetezi unaotambuliwa na sheria. Ile dhana ya kumlinda imeondoka. Atathibitisha yeye, kwa hela zake, kwamba maji yake yalikuwa mazuri, na hana karatasi. Ana watoto wake na majirani wanaokumbuka. Mimi ni mmoja wao. Nimekunywa chai kwake mara nyingi na maji yalikuwa maangavu. Kumbukumbu yangu haina miligramu kwa lita.

Sijui kama ni kampuni. Huenda chini ya nyumba yake kuna mshipa wa makaa unaotoa gesi tangu enzi. Huenda saruji iliyozungushiwa bomba la gesi iliacha upenyo na gesi ikapanda nje ya bomba, jambo ambalo limewahi kutokea jimbo hili. Kisima cha maji ni futi mia na kitu, mwamba unaopasuliwa ni futi elfu sita na zaidi, na maovu mengi yaliyothibitishwa yalipitia kwenye saruji na bomba bovu au yalimwagika juu, si kwenye nyufa zenyewe. Sasa ananunua maji ya kunywa dukani na mimi humbebea madumu Jumamosi. Nikiyapandisha ngazi zake nasikia bega linauma palepale lilipokuwa linauma Newala.

Kwa hiyo mkikatalia kampuni kwa hasira, mnawapa zawadi. Wakubalieni wapime, simameni karibu, ombeni nakala, kisha leteni na watu wenu.

Mjadala wenyewe huku hauishi, na kila uchaguzi unapokaribia unapamba moto; 2024 wagombea urais wote wawili walikuja Pennsylvania wakiahidi kutoupiga marufuku upasuaji wa miamba. Wanaotetea wanasema gesi imeshusha bei na imeufukuza mkaa wa mawe kwenye mitambo ya umeme, na ni kweli, mkaa umepungua sana Marekani tangu 2005. Wanaopinga wanataja Dimock, kaskazini-mashariki mwa jimbo, ambako kisima cha maji cha nyumba moja kililipuka siku ya mwaka mpya 2009. Kesi ya Dimock ilikaa miaka mpaka Novemba 2022, kampuni ya Coterra, iliyoirithi Cabot, ilipokubali kutopinga shtaka na kulipia bomba la maji ya umma, dola milioni 16.29. New York wamepiga marufuku. Ufaransa walishapiga tangu 2011.

Lakini sikilizeni hili, kwa sababu linahusu chupa 14 za yule dada. Shirika la mazingira la taifa, EPA, lilifanya utafiti wa miaka mingi juu ya maji na upasuaji wa miamba. Rasimu ya 2015 ilisema hawakuona ushahidi wa madhara yaliyoenea kote. Ripoti ya mwisho, Desemba 2016, iliiondoa kauli hiyo na kusema kazi hii inaweza kudhuru maji ya kunywa katika mazingira fulani, na kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kujua ni mara ngapi. Moja ya sababu ni kwamba mahali pengi hakuna aliyepima kabla. Nchi tajiri namna hii, maelfu ya visima, na wanasayansi wake wanasimama pale anaposimama bibi jirani yangu: maji tunayaona, ya jana hatuna.

Huduma hii ina mpaka wake na lazima niuseme. Haipimi hewa. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilitoa tafiti zilizolipiwa na jimbo, za kaunti nane za kwetu huku. Hawakukuta uhusiano na saratani ya mifupa ya watoto ambayo familia za hapa ziliililia. Walikuta uhusiano mkubwa na mashambulio ya pumu wakati visima vinatoa gesi, na kwamba watoto waishio ndani ya maili moja ya visima wana uwezekano wa mara tano hadi saba zaidi kupata limfoma. Nilikwenda nikapima kwa basi kutoka uwanja wa kuchimbia mpaka kituo ninaposhusha watoto watatu wa mwisho. Ni nusu maili. Jimbo linaruhusu visima hivi futi 500 tu kutoka kwenye nyumba, na mwaka 2020 baraza la raia la uchunguzi (grand jury) lililoitishwa na mwanasheria mkuu wa wakati ule, Josh Shapiro, lilipendekeza ziwe 2,500. Shapiro sasa ni gavana, na sheria ya jimbo bado ni 500. Hilo halipimwi kwa chupa, na linaniumiza kila siku saa tisa na nusu mchana mlango wa basi unapofunguka pale.

Ukipiga simu kuagiza, uliza mambo haya kabla hujatoa namba ya kadi: mnachota wenyewe? Mna karatasi ya makabidhiano? Orodha ina methani, ethani, bariamu, strontiamu, kloraidi na bromaidi? Safari mnatoza kiasi gani? Na usisubiri mtambo uonekane. Mimi niliita wiki ya pili baada ya barua, na mwaka huu foleni yao ni ndefu kuliko wakati ule.

Kampuni ya gesi imepata tena kibali, uwanja wa pili, upande wa mashariki. Safari hii barua zimefika nyumba nne. Niliongea na maabara, wakakubali kugawa gharama ya safari wakija siku moja, kwa hiyo ni dola 15 kwa kila nyumba badala ya 60. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusaini. Ameniomba nije na tochi.